Mguu wa Kuruta na Fungu Lake la Jua

Katika mwaka wa 1855 tabibu mmoja wa jeshi la Prussia, jina lake Breithaupt, aliandika habari za maradhi ambayo maafisa wa zama zake walikuwa wakiyaona kila mwaka na kuyapuuza kila mwaka: vijana waliotoka mashambani wazima, wenye vifua vipana na miguu iliyozoea kufuata plau, walipokwisha kuingizwa kambini, wakavishwa buti, wakatwishwa shanta na bunduki, wakaendeshwa masafa juu ya barabara ngumu, waliamka asubuhi moja na mguu umevimba juu ya wayo, hauna jeraha wala mchubuko, wala hauna mfupa uliotoka mahali pake, lakini haukubali kukanyaga chini.

Breithaupt, ambaye hakuwa na chombo cha kutazama chini ya nyama, alidhani kuwa ni ala za kano zilizopata moto kwa kusuguana, na kwa dhana hiyo hapaswi kuchekwa. Illa pale tabibu anapokosa ithibati, sajini huwa na tuhuma, na tuhuma ya sajini katika jeshi lolote ni ile ile moja: kijana anajigonjweza, anatega, ameuona mwendo wa kesho akautafutia kilema leo. Mguu usiotoa damu hauna shahidi. Shahidi alipatikana baada ya mwaka 1895, Wilhelm Röntgen alipoigundua miale yake ya eksirei huko Würzburg. Mwaka 1897 tabibu mwingine wa jeshi la Wajerumani, Stechow, aliielekeza miale hiyo katika miguu ya askari waliokuwa wakilalamika, akaona katika ile mifupa mitano mirefu iliyo baina ya kifundo na vidole ufa mwembamba, mwembamba kama unywele. Walikuwa wamevunjika. Walikuwa wakisema kweli muda wote ule.

Walakini hata shahidi huyo ana kigugumizi, nalo ni jambo ambalo kila mwenye kushughulika na makuruta hujifunza mapema. Katika siku za kwanza za maumivu picha ya eksirei aghalabu haionyeshi kitu; mfupa unaonekana safi, kijana anarudishwa gwarideni na sajini anatabasamu. Wiki mbili au tatu zikipita, picha ya pili ikipigwa, huonekana kandokando ya mfupa wingu jeupe la mfupa mpya uliokuwa ukijaribu kuziba ufa, limevimba kama fundo la muwa. Kwa hiyo mara nyingi dalili ya mvunjiko huonekana pale ambapo mwili umekwisha kuanza kuutibu.

Sababu ya jambo hili wataifahamu upesi wasomaji waliopata kuona nyumba ya mawe ikikarabatiwa katika miji yetu ya pwani. Mfupa wa mtu aliye hai haukai kama ulivyoumbwa. Kila siku hubomolewa kidogo na kujengwa kidogo, na kazi hiyo ina mafundi wa namna mbili, seli zinazochimba na seli zinazojaza. Mzigo mgeni unapouangukia mfupa, wachimbaji ndio hutangulia, wakaondoa sehemu iliyochoka kwa muda wa wiki chache. Ndipo wajazaji hufuata, na kazi yao ni ya miezi, kwa kuwa kwanza hutandaza utando laini, na utando ule hauwi mfupa mpaka ushibe kalsiamu na fosfeti, kama vile ukuta wa matumbawe usivyobeba boriti mpaka chokaa yake ikauke. Kijana aliyekuwa akikaa dukani au darasani, akaingizwa kambini na kukimbizwa tangu alfajiri, huwa na mifupa iliyochimbwa na haijajazwa, nao ndio wakati ambao kambi humwongezea mzigo. Chokaa yenyewe haifiki kwa mafundi bila ya vitamini D, ambayo huuwezesha utumbo kuipokea kalsiamu ya chakula. Vitamini hiyo ikipungua, kalsiamu hupita tumboni ikaenda zake, na mwili, ili damu isipungukiwe, huikopa kutoka katika mifupa ile ile inayongoja kujengwa.

Basi majeshi yalikuwa na ufa mkononi tangu 1897, na kitu kinachouziba kilikuwa kikitafutwa mahali pengine kabisa, katika vitanda vya watoto. Daniel Whistler aliandika juu ya matege mwaka 1645, Francis Glisson akayaandikia kitabu kizima mwaka 1650, na kadiri miji ya Uingereza ilivyojaa moshi wa makaa, ndivyo miguu ya watoto wake ilivyozidi kupinda. Watoto hao hawakubaki watoto. Wakati wa vita vya Waingereza na Makaburu, 1899 hadi 1902, idadi ya waliokataliwa katika vituo vya kuandikisha askari iliwashtua wakubwa hata ikaundwa kamati ya serikali, ambayo mwaka 1904 ilitoa taarifa yake juu ya kudhoofika kwa miili ya watu. Na mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, katika hesabu ya upimaji wa watu wapatao milioni mbili na nusu, ilionekana kwamba katika kila tisa ni watatu tu waliokuwa na siha kamili ya kupigana. Sidai kwamba matege ndiyo yaliyowaangusha wote hao. Walikuwapo wenye meno mabovu, na wenye mapafu mabovu, na wenye mioyo mibovu. Lakini dola iliyotawala bahari saba iligundua kwamba vijana wake hawana miguu ya kuilinda, na mambo ya namna hiyo huwafanya watawala wawe wasikivu kwa waganga kuliko ilivyo desturi yao.

Waganga wenyewe walikuwa wamegawanyika makundi mawili, moja likinena jua na moja likinena mafuta. Wa jua walikuwa na Jędrzej Śniadecki wa Poland, aliyeandika mwaka 1822 kwamba watoto wa mjini wapelekwe nje wapigwe na jua, na Theobald Palm, tabibu na mmisionari aliyekuwa Japani, ambaye mwaka 1890 alieleza kwamba matege aliyoyaona kwa wingi Uingereza hayakuwapo kule alikohudumu, akahukumu kwamba upungufu ni wa jua. Wa mafuta walikuwa na wavuvi wa kaskazini, ambao kabla ya hospitali kuyakubali mafuta ya ini la samaki walikuwa wakiwanywesha watoto wao vijiko kwa vijiko. Mwaka 1919 makundi yote mawili yalishinda kwa mpigo. Edward Mellanby, huko London, alikuwa amewafungia ndani watoto wa mbwa na kuwalisha uji wa oti hata wakapinda miguu, kisha akawanyoosha kwa mafuta ya samaki. Na Kurt Huldschinsky, katika Berlin iliyotoka vitani na njaa, aliwaweka watoto wenye matege mbele ya taa ya zebaki yenye miale ya urujuanimno, na katika jaribio moja akaumulikia mkono mmoja tu wa mtoto. Alipozitazama picha za eksirei aliona kwamba mkono wa pili, ambao haukupata mwanga hata chembe, umepona sawa na wa kwanza. Ngozi ilikuwa imetengeneza kitu, na damu ikakisafirisha.

Kitu hicho kikapewa jina mwaka 1922, pale Elmer McCollum, nchini Marekani, alipopitisha hewa ya moto ndani ya mafuta ya samaki mpaka yakapoteza nguvu ya vitamini A, akaona bado yanaponya matege. Na kwa kuwa herufi tatu za mwanzo zilikwisha kutumika, hiki kikapewa ya nne. Katika miaka hiyo hiyo Harriette Chick na wanawake wenzake kutoka Uingereza walikuwa Vienna wakithibitisha katika wodi ya watoto kwamba jua na mafuta hufanya kazi moja. Harry Steenbock wa Wisconsin alionyesha mwaka 1924 kwamba hata chakula kikimulikwa hupata nguvu ile, na Adolf Windaus, aliyeichunguza kemia ya vitamini hiyo, akapewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1928. Kidonge cha leo aghalabu hutokana na mafuta ya sufi ya kondoo yaliyopigwa na miale, na mamia ya vidonge hivyo huingia katika chupa moja ndogo.

Hapa sina budi kusimama kidogo, kwa maana mafuta ya ini la samaki si mageni kwetu. Wavuvi wa pwani hii tangu zamani hukamua ini la papa, na mafuta yake huyaita sifa, nayo hupakwa majahazi na ngalawa ili mbao zisioze wala kuliwa na wadudu. Aliyepata kupita ufukoni siku ya kupaka sifa haisahau harufu yake. Kule kaskazini mafuta ya jamaa hiyo hiyo yaliingia kinywani mwa mtoto, kwetu yaliingia ubavuni mwa chombo. Wala hatukufanya hivyo kwa ujinga. Mtu anayekaa kitako mchangani tangu asubuhi, mgongo wazi, akishona jarife, amekwisha kupata kutoka juu kile ambacho mvuvi wa Norway hukitafuta tumboni mwa samaki.

Tofauti hiyo ya jua ndiyo iliyoyarudisha majeshi katika habari hii, na si ajabu kwamba miongoni mwa waliouliza mapema walikuwamo watu wa Finland, ambako vijana wengi huitwa jeshini kwa sheria na ambako tangu vuli hadi karibu na mwisho wa baridi jua, hata likionekana, huwa chini mno hata ngozi haiwezi kutengeneza vitamini. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 uliwafuatia makuruta 756 kwa siku 90. Wakavunjika kwa ufa 22, na waliokuwa na vitamini chini ya kiwango cha katikati cha wenzao walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Serikali ya nchi hiyo ilikuwa imekwisha kuanza, mwaka 2003, kutia vitamini D katika maziwa ya watu wote, na damu za vijana wa baadaye zilionyesha nafuu. Miaka kumi baada ya uchunguzi ule Waingereza nao, waliopima makuruta wa wanamaji wa miguu huko Lympstone, ambao mafunzo yao wakati huo yalikuwa ya wiki 32, waliona kwamba walioingia na vitamini chini ya nanomoli 50 kwa lita ya damu ndio waliopasuka zaidi.

Lakini kuona kwamba wenye upungufu huvunjika si kuona kwamba kidonge huwakinga. Yumkini kijana mwenye vitamini nyingi ni yule aliyezoea kucheza mpira nje, na mpira ndio uliomkomaza mfupa. Ili kulikata shauri hilo ilibidi watu wapewe kidonge kwa kura. Kazi hiyo ilifanyika katika kambi ya Great Lakes, kando ya ziwa Michigan, kaskazini ya Chicago, mahali ambapo upepo wa ziwa wakati wa baridi humfanya kuruta asitoe nje hata pua. Wanawake 5,201 walioingia jeshi la majini la Marekani waligawanywa mafungu mawili: fungu moja likameza kila siku miligramu 2,000 za kalsiamu pamoja na yuniti 800 za vitamini D, yaani mikrogramu 20, na fungu la pili likameza vidonge vilivyofanana na hivyo kwa sura, visivyo na kitu ndani. Baada ya wiki nane wanawake 309 walikuwa wamepata ufa. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalikuwa kwamba katika kila mia waliomeza vidonge vitupu walivunjika 6.6, na katika kila mia waliomeza dawa walivunjika 5.3.

Upungufu huo ni wa moja katika tano, na gazeti linalopenda makuu laweza kuupigia tarumbeta. Mimi napenda kuuhesabu kwa vichwa: katika wanawake elfu, kumi na watatu walihitimu kwa miguu yao badala ya kwa magongo, na waliobaki hawakuona tofauti. Si haba kwa dawa ya bei ya chai. Tena kalsiamu na vitamini zilimezwa pamoja, kwa hiyo hakuna anayeweza kusimama mbele ya hesabu hiyo na kumpa sifa mmoja wao peke yake. Kitendawili kingine kimo ndani ya majeshi hayo hayo ya Marekani: makuruta wenye asili ya Kiafrika, ambao ngozi yao nyeusi hupunguza kasi ya jua na ambao damu zao hupimwa na kuonekana zina vitamini kidogo, huvunjika kwa ufa mara chache kuliko wenzao weupe. Mwenye kuamini kwamba mfupa ni suala la kipimo kimoja cha damu na aanze hapo kufikiri upya.

Kambi haivunji mifupa tu. Vijana mia wakilala katika bweni moja, mafua ya mmoja huwa mafua ya wote, na kikohozi huwatoa gwarideni watu wengi kuliko buti. Wachunguzi wa Finland waliona kwanza kwamba wenye vitamini chache hukosa siku nyingi zaidi kwa maradhi ya njia ya hewa, kisha mwaka 2010 wakachapisha jaribio la vijana 164 waliomeza yuniti 400 kila siku, au kidonge kitupu, kwa miezi sita ya giza. Idadi ya siku zilizokosekana haikutofautiana kiasi cha kutegemewa. Ila waliomaliza miezi sita bila kukosa hata siku moja walikuwa kama nusu ya waliomeza vitamini, na zaidi kidogo ya theluthi ya waliomeza kitupu. Ukusanyaji wa majaribio 25 ya raia uliotolewa mwaka 2017 uliunga mkono kwa upole, nao ukaongeza jambo lenye faida kwa mkuu wa kambi: dozi ndogo ya kila siku au kila wiki ndiyo iliyosaidia, dozi kubwa ya kushtukiza haikusaidia.

Juu ya dozi kubwa hadhari ni faradhi, maana jeshi hupenda jambo linalomalizika kwa sindano moja. Vitamini hii haitoki kwa mkojo kama nyingine. Hukaa katika mafuta ya mwili. Uingereza ya miaka ya 1950, iliyokuwa ikiitia katika maziwa ya unga na vyakula vya watoto huku ikigawa mafuta ya samaki, ilipata watoto wachanga ambao damu zao zilijaa kalsiamu kupita kiasi, ikabidi vipimo vipunguzwe mwaka 1957. Na huko Australia wanawake wazee zaidi ya 2,000 walijaribiwa kwa yuniti 500,000 mara moja kwa mwaka. Matokeo ya 2010 yalionyesha kwamba waliopata dawa walianguka na kuvunjika zaidi kuliko wasioipata.

Nimeiacha nyuma nchi ambayo ingepaswa kutangulia, kwa kuwa habari yake inavuruga hoja nyepesi. Israeli haina uhaba wa jua. Pamoja na hayo, matabibu wake walipowafuatia makuruta 295 kwa uangalifu usio wa kawaida, wakimsikiliza kila aliyenung'unika, walichapisha mwaka 1985 kwamba 31 katika kila mia walipata ufa. Robo karne iliyofuata walijaribu mengi: viatu vya namna hii na ile, soli za ndani, hata dawa za mifupa za wazee. Kilichopunguza mivunjiko kwa zaidi ya nusu kilikuwa ni amri mbili zisizohitaji duka la dawa, ya kwanza kwamba kuruta alale saa sita kwa usiku bila kupungua, ya pili kwamba jumla ya masafa anayoendeshwa ipunguzwe. Wajazaji wa mfupa walipewa muda wa kukausha chokaa.

Kwetu sisi, watafiti waliopima damu za Wamasai na Wahadzabe wanaoishi Tanzania kwa desturi za wazee wao, na kutoa hesabu zao mwaka 2012, walikuta wastani wa nanomoli 115 kwa lita, kiasi ambacho kuruta wa Finland hakifikii akitoka katika giza la Januari. Kwa hiyo rai yangu ni hii: kijana wa Kiswahili anayejiandikisha katika jeshi la Uingereza au Marekani, akifika huko wakati wa baridi, na akubali kidonge chake kidogo cha kila siku kama daktari akimpa, wala asione haya; lakini kijana anayefundishwa kwata chini ya jua la Tanzania au Kenya hana sababu ya kukitafuta kabla hajapimwa. Na wewe msomaji, ukiwa una mwanao kambini, po pote pale, mwandikie kwamba siku mguu utakapomuuma mahali pamoja, juu ya wayo au katika ugoko, pale pale kila akikanyaga, aseme siku ile ile, na picha ya kwanza ikitoka safi aombe ya pili baada ya wiki mbili.